Kitanda Kigumu cha Bibi

Nyumbani kwa Fundi kila kitu kilikuwa laini. Viti vilikuwa laini. Mito ilikuwa laini. Hata kigoda cha jikoni kilikuwa na kipande cha sponji juu yake, kimeshonewa kitambaa cha maua. Fundi alikuwa mtengeneza makochi. Watu walimtania kwamba kwake hata maji ya kunywa yana sponji. Yeye alicheka tu. "Kalia kwanza," alisema, "halafu ndiyo useme."

Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Hapo kaka yake mkubwa alipiga randa mbao na kuunga fremu za viti. Watu wote walimwita Randa. Randa hakusikia wala hakusema. Alizungumza kwa mikono, na mikono yake ilikuwa na maneno mengi kuliko midomo ya watu wengine. Mke wa Fundi alikaa dirishani mwa chumba cha ndani na cherehani yake, akishona vitambaa vya makochi. Mama yao, ambaye alikuwa mjane, alichambua pamba na kuwasimamia wote.

"Fundi, msumari huo umepinda."

"Nimeuona, Mama."

"Kama umeuona mbona unaupiga?"

Ndivyo siku zilivyokwenda katika nyumba ile. Nyundo, cherehani, na sauti ya Mama.

Kisha mke wa Fundi akajifungua kwa operesheni. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo, mviringo. Baba yake alimtazama akasema, "Huyu ni kifungo cha kochi." Basi akaitwa Kifungo, na mama yake akawa Mama Kifungo.

Walipokuwa bado hospitalini, Fundi hakulala. Alitengeneza vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa godoro jipya, sponji juu ya sponji, nene mpaka mtu alilipanda kama ngazi. Cha pili kilikuwa kiti cha kunyonyeshea. Kilikuwa na mikono mipana, mgongo mrefu na mito mitano ya rangi ya zambarau. Majirani walikuja kukitazama.

"Fundi, umeoa malkia nini?"

"Mke wangu amepasuliwa tumbo," alijibu. "Akae raha."

Alisema kwa moyo safi. Lakini moyo safi peke yake hautoshi mahali penye mtoto mchanga.

Mama Kifungo alipofika nyumbani, jambo la kwanza alilotaka lilikuwa kulala na kumnyonyesha mtoto pale pale kitandani. Mshono ulimvuta kila alipokaa. Alipanda kitandani, akamvuta mtoto karibu, akafungua kifungo cha blauzi.

Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Inuka."

"Mama, mshono unauma."

"Najua unauma. Inuka. Katika nyumba hii mtoto hanyonyi mama akiwa amelala."

"Kwa nini, Mama?"

Mama mkwe alielekeza kidevu upande wa karakana. Randa alikuwa ameinama juu ya mbao, vumbi la msumeno limejaa nyusi zake.

"Unamwona yule? Nilimnyonyesha nikiwa nimelala. Nilikuwa kijana kama wewe, mvivu kama wewe. Maziwa yakamwingia masikioni. Basi. Inuka ukae kwenye kiti."

Nani angebishana na jambo hilo? Mama Kifungo aliinuka. Fundi alimshika mkono, akamketisha kwenye kiti cha zambarau. Kiti kikammeza. Makalio yalizama, magoti yakapanda, tumbo likajikunja juu ya mshono. Mtoto aliteleza mapajani. Kila alipompandisha, mshono ulimchoma kama sindano ya kushonea turubai.

"Raha?" Fundi aliuliza.

"Raha," alijibu, huku machozi yakimtoka.

Siku zikapita hivyo. Kwa sababu ya maumivu, Mama Kifungo hakuweza kumshika mtoto karibu. Mtoto alining'inia mbali na ziwa, akikamata ncha ya chuchu tu. Chuchu zikapasuka, zikatoa damu. Akawa anamnyonyesha kidogo na kumwachisha upesi. Mtoto alilia. Mama mkwe akamtengenezea maji ya sukari, akampa kwa kijiko. Mtoto alinyamaza, akalala. Alipoamka hakulitaka ziwa, maana tumbo lilikuwa limejaa maji. Na ziwa lisiponyonywa halitengenezi maziwa. Matiti ya Mama Kifungo, yaliyokuwa yakivuja mpaka kwenye shuka, yakaanza kulegea.

Shangazi yake Fundi alikuja kumwona mzazi. Aliketi kwenye kochi jipya, akajaribu mto mmoja mmoja.

"Sisi tulizaa asubuhi, jioni tuko shambani," alisema. "Nyinyi mnafunguliwa kwa zipu, halafu mnalia."

Mama Kifungo hakujibu. Zamani angejibu. Zamani alikuwa na mdomo mkali kuliko mkasi wake. Sasa alitazama ukuta.

Kliniki walimpima mtoto. Nesi alitazama mzani, akatazama tena.

"Uzito umeshuka. Na mara iliyopita ulishuka. Mama, unamnyonyeshaje?"

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, ameshika mfuko wa nepi.

"Vizuri," Mama Kifungo alisema.

"Anapewa kitu kingine?"

"Hapana," mama mkwe akajibu upesi.

Nesi alikuwa na foleni ndefu hadi barabarani. "Mlete tena wiki ijayo. Ukishuka tena tutamlaza hospitali. Mtoto huyu hana akiba mwilini, mama. Hana hata kidogo."

Njiani kurudi nyumbani mtoto hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Mama Kifungo. Mtoto mwenye njaa hulia. Mtoto mwenye njaa kupita kiasi hunyamaza.

Usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja kwake. Aliketi kwenye kiti, mtoto akining'inia. Akilala kidogo, sauti ya mama mkwe ilimwamsha. "Kaa wima! Mwinue kichwa!" Alianza kumtazama mtoto kama mtu asiye na miguu anavyotazama mlima. Alijua kwamba anampenda. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua jina la mji aliowahi kupita. Lakini hakulihisi tena. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mumewe alikuwa anamshonea mto wa sita.

Ng'ambo ya barabara aliishi jirani mmoja, mkunga wa hospitali. Siku zile alikuwa zamu ya usiku. Mchana alilala, mlango umefungwa, na kila mtu mtaani aliwaambia watoto wao, "Msipige kelele, Mkunga amelala." Kwa hiyo mtu pekee aliyeweza kuwasaidia alilindwa asiamshwe.

Alasiri moja Fundi alikwenda kupeleka kochi kwa mteja. Mama mkwe alikwenda sokoni. Mama Kifungo alikaa kwenye kiti cha zambarau na mtoto kifuani. Mito ilikuwa laini, jua limeingia dirishani, na macho yake yalikuwa mazito kama mawe. Alijisemea, nitafumba tu, sitalala. Akalala.

Randa alikuwa karakana akitafuta futi kamba. Mara nyingi futi kamba ilining'inia kwenye cherehani ya shemeji yake. Akaingia chumbani taratibu. Alimwona shemeji amelala, mdomo wazi, mikono imelegea. Mapajani hapakuwa na mtoto.

Alitazama sakafuni. Hapakuwa na kitu.

Kisha akaona mguu. Mguu mmoja mdogo ulitokeza katikati ya mto na mkono wa kiti. Mguu ule haukutikisika.

Mtu mwenye masikio mazuri asingeambulia chochote pale. Mtoto aliyezibwa pua halii. Hapigi kelele. Huzimika kimya kama mshumaa. Randa hakuzoea kungoja kelele. Alitupa mito huku na huku, akamvuta mtoto, akauona uso wake. Ulikuwa wa kijivu.

Randa akapiga ukelele.

Mtaa mzima haukuwahi kusikia sauti ya Randa. Haikuwa neno. Ilikuwa sauti nene, ya kutisha, kama ubao mkubwa unaopasuka. Mama Kifungo akazinduka. Ng'ambo ya barabara mlango ukafunguka, na Mkunga akatoka mbio, hana viatu, khanga imefungwa kifuani.

Alimpokea mtoto, akamlaza juu ya meza ya karakana, kati ya misumari na vipande vya mbao. Alikiinamisha kichwa cha mtoto nyuma kidogo tu. Akaufunika mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake, akapuliza pumzi ndogo. Akapuliza tena. Akapuliza tena.

Mtoto alikohoa. Akavuta pumzi. Akalia, kilio chembamba kama cha kitoto cha paka.

Mama Kifungo alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ameshika tumbo lake.

"Mchukueni," alisema. "Yeyote. Mchukueni. Mimi nitamuua."

"Usingizi ndio uliotaka kumuua," Mkunga alisema bila kugeuka. "Usingizi na hilo kochi. Lete nguo yake, twende hospitali."

Madaktari walimpima mtoto, wakamlaza wodini, wakamlisha maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa kikombeni. Walimtazama mpaka waliporidhika kwamba anapumua vizuri. Walimsafisha Mama Kifungo mshono, kwa maana ncha moja ilikuwa imeachia na inatoa maji, wakampa dawa. Kisha wakawaruhusu kurudi nyumbani.

Lakini kurudi nyumbani kulikuwa kurudi wapi? Kwenye kiti kile kile? Mama Kifungo alifika, akakaa kwenye kigoda cha jikoni, akakataa kumshika mtoto. Fundi alimbeba mtoto, akizunguka naye karakana nzima kama mtu aliyepoteza kitu. Hakuwasha taa. Hakugusa nyundo.

Asubuhi yake Mkunga alikuja, safari hii amevaa viatu.

"Nionyesheni anapolala mtoto," alisema.

Fundi akamwonyesha godoro. Mkunga akalibonyeza kwa kiganja. Mkono ukazama. Alipouinua, shimo likabaki, kisha likajifumba polepole.

"Fundi, hili ni godoro au matope?"

"Ni sponji daraja la kwanza, dada."

"Kwa mgongo wako, sawa. Mtoto akigeuka hapa pua inazama, na hana shingo ya kujinasua. Na kiti kile ni kibaya zaidi. Kiti na kochi si mahali pa kusinzia na mtoto hata mara moja. Anateleza kwenye mianya. Mmeona wenyewe."

Fundi alikaa chini, juu ya mto wa sita. "Kwa hiyo nimemtegea mwanangu mtego."

"Ndiyo," Mkunga alisema. "Hukujua. Sasa unajua. Inuka, tufanye kazi. Mzazi huyu anatakiwa anyonyeshe akiwa amelala ubavu, mshono upumzike. Nataka kitanda kigumu. Kiko wapi?"

Kitanda kigumu kilikuwa kimoja tu katika nyumba ile. Kilikuwa cha mama mkwe. Kitanda cha mbao, kipana, na godoro jembamba lililokazwa kama ngoma. Fundi alikuwa amemshonea godoro la sponji mara nyingi, naye kila mara alilikataa. "Mimi na ulaini tulishaachana," alisema.

Mama mkwe alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba chake.

"Hapana," alisema. "Mengine yote sawa. Hilo hapana."

"Kwa nini, Mama?" Mkunga aliuliza.

"Ni kitanda hiki hiki. Hapo hapo ndipo nilipomnyonyesha Randa nikiwa nimelala. Unataka niwe na wawili?"

Mkunga hakukasirika. Alivuta kigoda, akakaa, akamtazama mama mkwe usoni.

"Mama, naomba nikuulize. Randa alikuwa na umri gani ulipojua kwamba hasikii?"

"Alikuwa anatembea."

"Kabla ya hapo? Ulipomwita aligeuka?"

"Aligeuka vizuri sana. Alikuwa mtundu. Jogoo akiwika, naye anawika." Mama mkwe alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaanguka. "Alisema 'mama.' Alisema 'nipe.' 'Nipe' ndilo alilolipenda zaidi."

"Kisha?"

"Kisha akaugua. Homa kali. Shingo ikakakamaa kama mti, akawa hawezi kuinama. Tulidhani amekufa. Alipopona nilimwita, hakugeuka. Nilipiga sufuria nyuma yake. Hakugeuka."

"Wakati anaugua alikuwa bado ananyonya?"

"Nilikuwa nimemwachisha zamani."

Mkunga akasogeza kigoda chake karibu.

"Mama, sikuwepo, kwa hiyo siwezi kukuapia. Lakini mtoto aliyekuwa anasikia na kusema, akapata homa kali na shingo ngumu, kisha akawa kiziwi, sisi tunaufahamu ugonjwa huo. Ni homa ya uti wa mgongo. Inaua masikio ya watu wengi, wadogo kwa wakubwa. Haitokani na ziwa. Kama maziwa yangemharibu masikio, asingesema 'nipe.' Asingemwiga jogoo."

"Lakini watu walisema."

"Walisema kwa sababu wanaona koo na sikio viko jirani. Ni kweli kuna kijia kidogo kati yao. Mtoto akilazwa chali na chupa mdomoni, maziwa yakawa yanamiminika tu, anaweza kuumwa sikio. Lakini ziwa halimiminiki kama chupa. Mtoto analivuta, anameza, anapumzika. Nani alikuambia ni wewe?"

Mama mkwe alikitazama kitanda chake.

"Baba yake," alisema mwishowe. "Na mama wa baba yake. Halafu walipokufa nikaendelea kujiambia mwenyewe."

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alishika fremu ya mlango, akasimama kama mtu aliyebeba gunia kwa miaka mingi, akaambiwa leo kwamba gunia halikuwa lake, na mgongo umekwisha kupinda.

Randa alikuwa ametoka karakana. Aliona nyuso, akauliza kwa mikono, kuna nini? Mama yake alimjibu taratibu. Aligusa sikio. Aligusa ziwa lake. Alijigusa kifuani, mimi. Kisha akatikisa kichwa, kumbe hapana.

Randa hakuwahi kujua kwamba mama yake anajilaumu. Akamwonyesha Fundi kwa kidole, akaigiza anavyopiga nyundo, akaziba masikio kwa vidole, akakunja uso. Nyundo ya huyu, bora nisiisikie.

Fundi alicheka, kicheko kikageuka kilio. Mama mkwe alisogea mlangoni.

"Pitieni," alisema.

Mkunga alitandika shuka moja, akaivuta ikakaza, akaikunja chini ya godoro. Mablanketi yote akayatoa. Mito yote akaitoa, akabakisha miwili.

"Huu wa kichwa chako, Mama Kifungo. Huu wa pili weka katikati ya magoti. Lala ubavu, kunja magoti kidogo. Taulo hili likunje, likae mbele ya mshono, mtoto asiupige teke. Bibi, kaa nyuma yake, mgongo wako uwe mto wa mgongo wake."

Mama mkwe alikaa juu ya kitanda chake mwenyewe, mgongo kwa mgongo na mkwewe.

"Siwezi," Mama Kifungo alisema. "Dada, siwezi. Maziwa yamekwisha. Mpeni chochote."

"Hukuambiwa uweze. Umeambiwa ulale. Kulala huwezi?"

Mama Kifungo alilala. Kwa mara ya kwanza tangu atoke wodini, mshono haukuvutwa. Alishusha pumzi ndefu.

"Sasa mtoto," Mkunga alisema. "Hatumlazi chali na kumgeuza shingo. Jaribu wewe mwenyewe kumeza mate ukiwa umegeuza shingo. Unaona? Kwa hiyo naye alale ubavu, akikutazama. Tumbo lake kwenye tumbo lako. Pua yake iwe sawa na chuchu. Pua, si mdomo. Mkono wako uwe nyuma ya mabega yake, usimsukume kichwa. Mguse mdomo wa juu kwa chuchu, umngoje afungue."

Mtoto alifungua mdomo kidogo, akakamata ncha. Mama Kifungo akapiga yowe.

"Mtoe. Pitisha kidole kwenye kona ya mdomo wake, aachie. Hivyo. Tena. Ngoja afungue kama mtu anayepiga miayo."

Mara ya pili hakukamata. Mara ya tatu alisinzia. Mama Kifungo aligeuza uso kwenye mto, mabega yakaanza kutikisika. Fundi, aliyekuwa mlangoni, alitoka nje kwa sababu hakuweza kutazama.

Mkunga alimvua mtoto kisoksi, akamkuna unyayo. Mtoto alikunja uso kwa hasira, akapiga miayo mikubwa.

"Sasa! Mlete kwako!"

Mtoto alishika. Hakushika ncha. Alishika na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka chuchu, kidevu kimegandamana na ziwa, pua iko huru. Alivuta haraka haraka, kisha taratibu. Kisha, katika chumba kile kimya, ikasikika sauti ndogo. Kwi. Kwi. Anameza.

"Inauma?" Mkunga aliuliza.

Mama Kifungo alifikiri. "Kidogo," alisema. "Si kama jana."

"Maziwa hayakwisha, dada. Yalikuwa hayaitwi. Kadiri anavyonyonya ndivyo yatakavyokuja. Maji ya sukari basi. Uji basi. Mpaka atimize miezi sita, ziwa peke yake, usiku na mchana, kila anapotaka."

Mama mkwe aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemtazama.

"Na nisikilizeni nyote," Mkunga aliendelea, "maana kulala huku kuna masharti yake. Mama kunyonyesha akiwa amejilaza ni salama, ilimradi awe macho. Akimaliza, mtoto anarudishwa mahali pake pa kulala, karibu na mama, pagumu, chali, bila mto, bila blanketi zito, bila mwanasesere. Mama akisikia usingizi, amwite mtu amchukue mtoto. Aliyekunywa pombe asipande kitanda hiki na mtoto. Anayevuta sigara asipande. Aliyemeza dawa ya usingizi asipande. Na akitaka kusinzia akiwa kwenye kochi, ainuke alale kitandani. Fundi! Umesikia?"

"Nimesikia," Fundi alijibu kutoka nje.

"Na wewe, Mama Kifungo. Machozi ya siku chache baada ya kuzaa ni kawaida. Lakini ukiendelea kuona kwamba huyu si wako, au kwamba afadhali usingekuwepo, usinifiche. Huo nao ni ugonjwa, una tiba yake. Niamshe hata nikiwa nimetoka zamu."

"Watu wanasema usiamshwe."

"Waambie watu walale wao."

Usidhani kwamba kila kitu kilinyooka siku ile. Wiki ile mtoto hakuongezeka hata chembe. Nesi wa kliniki alitazama mzani, akasema, "Haukushuka." Hiyo ndiyo iliyokuwa furaha yao yote, kwamba haukushuka. Mama Kifungo alimnyonyesha akiwa amelala, akageuka ubavu wa pili kwa kusaidiwa, akamnyonyesha tena. Alifanya hivyo kama anavyoshona mtu aliyechoka, mkono unakwenda, moyo haupo. Asubuhi moja alimwambia Mkunga ukweli. Mkunga akampeleka kuzungumza na daktari. Akawa anakwenda. Mshono ulifunga polepole. Mtoto alianza kuongezeka polepole. Alianza tena kulia kwa sauti kubwa, na Fundi alisema hajawahi kusikia muziki mzuri kama huo.

Kiti cha zambarau kilikaa mlangoni kwa siku kadhaa. Wateja walikitaka. Fundi aliwajibu hakiuzwi. Siku moja alichukua kisu, akakipasua kiti, akaitoa sponji yote. Randa aliichukua fremu. Aliikata, akaipiga randa, akaunga kitanda kidogo cha mtoto chenye nguzo zilizokaribiana na ubao mgumu chini. Shangazi alikuja, akakibonyeza kwa kidole.

"Fundi wa makochi mzima, mtoto wako analala kwenye ubao?"

Mama Kifungo alikuwa amelala ubavu, mtoto ziwani. Alijibu bila kuinua kichwa.

"Shangazi, hata wewe ukizaa tena tutakutengenezea. Zipu tunayo."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Kifungo kujibu mtu tangu arudi kutoka hospitali.

Siku hizi mama mkwe ndiye mlinzi. Anakaa ukingoni mwa kitanda chake, macho hayapepesi. Mkwewe akianza kusinzia anamgusa bega, anamtoa mtoto, anamlaza chali kwenye kitanda cha ubao. Hamwambii tena mtu akae wima. Jambo lile la masikio analieleza mwenyewe kwa wanawake wengine wanapokuja kuchagua makochi. Analieleza vizuri, kwa sauti kubwa, hakosei hata neno.

Lakini kila mtoto anapomaliza kunyonya, yeye huchukua pindo la nguo yake, akamfuta mtoto sikio. Kwanza la juu, kisha la chini. Masikio huwa makavu. Kichwa cha bibi kimekwisha kuelewa. Mkono bado. Mama Kifungo humwona. Humgeuza mtoto kidogo, ili bibi alifikie sikio la pili.